Mawazo mengi yanakula mwili: kutoka panya wa Montreal hadi kina mama wa Kivu

Mjini Goma, mama aliyekimbia vita anafika kituo cha afya. Kichwa kinamuuma kila siku, tumbo linawaka, usingizi umepotea, na moyo unadunda hata akiwa ameketi. Mara nyingi anarudi nyumbani na jibu moja: "Ni mawazo tu, mama." Majirani wanamwambia hivyo hivyo. Kuhusu mawazo hawakukosea. Walikosea waliposema "tu".

Wakaaji wa eneo hili wanajua mawazo ni kitu gani. Wapo waliotoka Masisi na Rutshuru wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni, wakalala Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala. Wapo waliokimbia volkano ya Nyiragongo Mei 2021, wakarudi, wakakimbia tena. Mwezi Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe, na wiki chache baadaye kambi za pembeni ya mji zikabaki tupu: watu wakaondoka kwa mara ya tatu, ya nne, wengine ya tano. Mtu wa namna hii akisema mwili wake umechoka bila kufanya kazi, hasemi uongo. Wachunguzi wamelifuata jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya uchunguzi wao ilifanyika hapa hapa Kivu.

Mmoja wa waliotangulia ni Mmarekani Walter Cannon wa chuo kikuu cha Harvard. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa akiwalisha paka, kisha anatazama kwa mashine ya radiografi jinsi tumbo linavyosaga chakula. Akaona jambo ambalo hakulitafuta: paka akishtuka au akikasirika, tumbo linasimama. Likisimama, halisagi kitu hadi paka atulie. Cannon alilifuata jambo hilo kwa miaka mingi na mwaka 1915 akatoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza kwamba hatari ikija, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni na mikononi, ini linatoa sukari, tumbo linaacha kazi. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Anayekimbia risasi hana haja ya kusaga chakula cha mchana.

Mpango huo ni mzuri. Umewaokoa wengi waliosoma habari hii. Lakini umetengenezwa kwa ajili ya dakika chache, na maisha ya mkimbizi wa vita hayapimwi kwa dakika.

Aliyegundua kinachotokea hatari isipoondoka ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna mwaka 1907. Alisomea udaktari Prague, na akiwa bado mwanafunzi aliona kitu ambacho walimu wake hawakukijali. Wagonjwa waliletwa mbele ya darasa, kila mmoja na ugonjwa wake, na mwalimu akaonyesha dalili zinazotofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Selye akajiuliza kwa nini wote wanafanana: wamekonda, hawana hamu ya kula, viungo vinauma, uso umelegea. Wote walikuwa na sura ya mtu mgonjwa, basi. Hakupata jibu, na alipouliza hakusikilizwa sana.

Miaka kama kumi baadaye alikuwa Montreal, Kanada, katika chuo kikuu cha McGill, akitafuta homoni mpya. Alichukua maji yaliyokamuliwa kutoka ovari za ng'ombe na kuwachoma nayo panya sindano. Alipowapasua alikuta mambo matatu. Zile tezi za juu ya figo zilikuwa zimevimba. Tezi ya kifuani na viungo vingine vinavyosaidia mwili kupambana na maambukizi vilikuwa vimenyauka. Tumboni mlikuwa na vidonda vinavyotoa damu. Selye alifurahi, akidhani amepata homoni yake. Kisha akajaribu maji ya figo, akapata mambo yale yale. Akajaribu ya bandama, hivyo hivyo. Mwishowe akachukua formalini, dawa ya kuhifadhi maiti ambayo haina uhusiano wowote na homoni, na panya wakaonyesha mambo yale yale matatu, tena kwa nguvu zaidi.

Kwa mtafuta homoni, huo ulikuwa msiba. Lakini akawakumbuka wale wagonjwa wa Prague. Akawaweka panya kwenye baridi, akawakimbiza hadi wakachoka kabisa. Matokeo hayakubadilika. Tarehe 4 Julai 1936 gazeti la kisayansi la *Nature* lilichapisha barua yake fupi iliyosema kwamba mwili una jibu moja kwa mateso ya kila aina. Kwanza unashtuka. Halafu unazoea na kuvumilia, na hapo mtu anaonekana mzima kabisa. Mateso yakiendelea, uvumilivu unaisha na mwili unaanguka. Jambo hilo baadaye aliliita stresi, na redio zetu zimezoea kusema msongo wa mawazo.

Hatua ile ya pili ndiyo inayodanganya familia nyingi. Baba aliyefiwa na kupoteza shamba anaamka, anasukuma chukudu, anatafuta unga, halalamiki. Watu wanasema amejikaza. Kumbe mwili wake unalipa deni kila usiku, na akianguka mwaka wa pili au wa tatu watu wanatafuta aliyemroga.

Selye naye hakuwa malaika. Alipokea fedha za makampuni ya sigara ya Marekani, na mbele ya umma alitetea sigara kama njia ya kupunguza msongo. Wapo hadi leo wanaoshauriana hivyo penye moshi wa tumbaku au chupa ya kanyanga. Sigara inapandisha mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu, yaani inasukuma mwili kule kule ambako hofu imeshausukuma. Pombe inaleta usingizi wa saa chache, kisha inauvunja usiku wa manane.

Baada ya Selye ilijulikana kwamba kazi kubwa inafanywa na homoni iitwayo kotisoli, inayotoka katika tezi zile zile. Inapanda asubuhi ili kumwamsha mtu na kushuka usiku ili alale. Kwa mwenye mawazo ya muda mrefu mpango huo unavurugika. Tansiyo inapanda na kubaki juu, sukari inakaa katika damu, siku za hedhi zinapotea, mtu anasahau alichotumwa sokoni, na mafua hayamwishi. Mwaka 1993 Bruce McEwen na mwenzake walipendekeza tuhesabu jambo hili kama mzigo: kila mshtuko unaongeza kilo yake, na mwili unabeba jumla yote.

Wachunguzi wa Ohio, Marekani, walionyesha uzito huo kwa kidonda kidogo tu. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu aliyepoteza akili kwa uzee, na wengine 13 wa umri kama wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alikatwa kidonda cha milimita 3.5 mkononi. Kwa waliokuwa wakiuguza, kidonda kilichelewa kupona kwa siku 9 kwa wastani. Matokeo yalitolewa mwaka 1995. Hao walikuwa wanawake wenye nyumba, maji na chakula.

Hapa lazima kusimama kidogo, kwa sababu historia hii ina upande wa pili ambao wagonjwa wa tumbo wanapaswa kuusikia. Ndege za Ujerumani zilipoanza kuipiga London mabomu kila usiku, Septemba 1940, hospitali za mji huo zilianza kupokea watu wengi zaidi wenye vidonda vya tumbo vilivyotoboka. Pamoja na panya wa Selye, jambo hilo liliwafanya madaktari waamini kwa miaka mingi kwamba vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa mawazo. Wagonjwa waliambiwa wapumzike, wanywe maziwa, waache wasiwasi. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuta bakteria wanaoishi ndani ya tumbo. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao na tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria huyo au na dawa fulani za maumivu, na kwamba bakteria huyo anatibiwa kwa antibiotiki. Anaenea kwa urahisi watu wanapobanana na maji safi yanapokosekana.

Kwa hiyo muuguzi anayesema "ni mawazo tu" bila kupima anaweza kumnyima mtu dawa ya kumponya. Mawazo yanaufanya mwili udhoofike mbele ya ugonjwa, lakini ugonjwa bado upo na unahitaji kutibiwa. Mwenye tansiyo naye asiache vidonge kwa sababu ameambiwa ni vita vilivyoipandisha. Chanzo chochote kiwe, mshipa ukipasuka kichwani umepasuka.

Kutoka hapo uchunguzi ulifika Afrika. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky, kijana wa Kimarekani wakati huo, alienda karibu kila mwaka kuishi na nyani wa Masai Mara, Kenya. Aliwapiga sindano ya usingizi kwa mshale, akachukua damu, akapima kotisoli. Kwa nyani hao chakula si shida kubwa, na simba hawaji kila saa. Muda uliobaki wanautumia kuteswa na wenzao. Wale wa chini, wanaopigwa na kunyang'anywa bila sababu, walikuwa na kotisoli nyingi. Lakini nyani aliyekuwa na marafiki, wa kukaa naye na kuchambuana manyoya, alikuwa na hali njema kuliko mpweke.

Katikati ya miaka ya 1980 kundi moja lilipatwa na balaa. Karibu na hoteli ya watalii kulikuwa na jalala, na madume wakali wa kundi hilo walikuwa wakienda kila asubuhi kupigania mabaki ya chakula. Siku moja mabaki hayo yalikuwa na nyama yenye kifua kikuu. Wakali wakafa, wapole wakabaki na majike. Kundi likatulia. Cha ajabu ni kwamba miaka kama kumi baadaye, wapole wa kwanza wakiwa wameshaondoka na madume wapya wameingia kutoka makundi mengine, utulivu ulikuwa bado upo. Wageni walijifunza tabia ya waliowakuta. Wale wa chini katika kundi hilo hawakuonyesha tena dalili za msongo zinazoonekana kwa wa chini wa makundi mengine. Sapolsky na mke wake, Lisa Share, walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Binadamu si nyani, na mkimbizi ana shida ambazo nyani hana. Hata hivyo, familia inayopokea wageni wa vita ndani ya vyumba viwili inaweza kuielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Jinsi mgeni anavyosemeshwa asubuhi anapochota maji ni sehemu ya afya yake.

Goma yenyewe imo katika historia hii. Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake kutoka chuo kikuu cha Florida walichapisha uchunguzi wa kina mama 25 na watoto wao wachanga, uliofanyika katika hospitali ya HEAL Africa. Kina mama walihojiwa juu ya shida za kila siku na juu ya vita, na damu ikachukuliwa. Waliopitia mateso mengi zaidi walizaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Tena, katika damu ya watoto kulikuwa na alama za kikemikali juu ya sehemu ya urithi inayousaidia mwili kuitambua kotisoli. Hofu ya mama ilikuwa imefika tumboni. Kina mama 25 ni wachache, na alama hizo si hukumu. Mtoto anayelishwa, anayebebwa na kuongeleshwa anaendelea kujengwa kila siku. Lakini baada ya habari hiyo, kumtunza mwanamke mwenye mimba aliyekimbia, kumpunguzia mzigo wa maji na kuni, kumwacha alale, si huruma ya ziada. Ni kinga kwa mtoto.

Basi mtu afanye nini, ikiwa vita haviishi na daktari wa magonjwa ya akili hapatikani? Jibu moja kubwa lilitoka Zimbabwe, na lilizaliwa kwa watu waliobomolewa nyumba. Mei 2005 serikali ya huko ilianza kuvunja vibanda na masoko ya maskini mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili nchini humo. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua kwa sababu familia ilikosa dola 15 za nauli ya kumfikisha hospitali. Chibanda akaona kwamba kuwasubiri wagonjwa hospitalini hakufai.

Mwaka 2006 alikwenda Mbare, mtaa wa Harare. Hakukuwa na chumba wala wauguzi wa kumpa. Aliyopewa ni bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi ya afya mtaani kwa kujitolea, na benchi nje ya kituo. Kwanza aliliita benchi la afya ya akili, na hakuna aliyekuja kukaa. Bibi wenyewe wakamwambia jina hilo linafukuza watu. Waliite benchi la urafiki. Watu wakaja. Tena bibi hawakutumia neno la kizungu la unyogovu. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni lile lile linalosemwa Goma: kuwa na mawazo mengi.

Kazi ya bibi ni ya mpangilio. Anasikiliza mpaka mtu amwage yote. Kisha wanachagua pamoja shida moja, moja peke yake, hata kama ziko kumi. Wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii: kwenda kuonana na fulani, kuomba kazi ya siku mbili, kumpeleka mtoto kupimwa. Wiki inayofuata mtu anarudi kueleza ilivyokwenda. Baadaye anaingia kikundi, na huko wanafuma mifuko kwa plastiki iliyotupwa, mikono ikifanya kazi huku midomo ikiongea. Wanawake wa likelemba wanajua namna mazungumzo yanavyotoka vizuri mikono ikiwa na shughuli. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lenye watu 573 yalitolewa: baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi, karibu 14 kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za unyogovu. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 kwa kila 100.

Kivu ilikuwa imeshatoa ushahidi wake mwaka 2013. Judith Bass wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya kazi katika vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, na wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Katika vijiji vingine mwanamke alipata mshauri wa kuongea naye peke yake. Katika vijiji 7 wanawake walikutana kwa vikundi, wakajifunza kukamata wazo linalowarudia, kama "kosa lilikuwa langu" au "mimi si mtu tena", na kuliuliza kama ni kweli. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila kitu kilifundishwa kwa mdomo na kukaririwa. Waliofundisha walikuwa wanawake wa Kongo, wasaidizi wa kijamii wenye masomo ya sekondari, waliopewa mafunzo. Miezi sita baada ya vikao, 9 kwa kila 100 katika vikundi walikuwa bado na dalili za unyogovu au wasiwasi mkubwa. Upande wa pili walikuwa 42 kwa kila 100. Na katika muda huo wote vijiji hivyo havikuwa na amani. Wale wanaosema "tutapona vita vikiisha" wanafaa kuambiwa habari hii ya wenzao waliopata nafuu vita vikiendelea.

Jaribio jingine lilifanyika Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, na wanawake 694 wa Sudan Kusini; matokeo yakatoka mwaka 2020. Huko mwalimu alikuwa sauti iliyorekodiwa, ikichezwa mara moja kwa wiki kwa wiki tano, mbele ya watu 20 au 30 wanaoshika kitabu cha picha. Miezi mitatu baadaye waliosikiliza walikuwa na nafuu kuliko wasiosikiliza. Zoezi la kwanza halihitaji umeme wala franka, na linaweza kufanywa hata kwenye foleni ya maji. Mtu anasukuma miguu yake ardhini, taratibu. Anatoa pumzi yote nje, polepole, halafu anaiacha iingie yenyewe. Anataja kimoyomoyo hofu iliyomshika bila kupigana nayo: "hapa kuna wazo la watoto kukosa shule." Kisha anaangalia mahali alipo: anaona nini, anasikia nini, anagusa nini, nani yuko karibu. Wazo halifukuzwi, linaachwa likae pembeni wakati mtu anarudi kwenye anachofanya. Likifanywa kila siku kabla ya kulala, mwili unajifunza njia ya kushuka kutoka mbioni.

Kwa wengine hilo halitoshi. Mtu anayesema heri afe, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyekula wala kulala kwa siku nyingi, au mama aliyejifungua asiyetaka kumshika mtoto wake, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ndugu au jirani amsindikize kituo cha afya, abaki naye, na asiogope kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Na muuguzi akijibu "ni mawazo tu", msindikizaji ana haki ya kuomba mgonjwa apimwe tansiyo na sukari, aulizwe habari ya tumbo lake, halafu aonyeshwe mtu wa kuongea naye.